"Saizi Ni Ile Ile, Bosi"

Kuna sentensi moja ambayo sisi waandishi wa habari tumeikariri kuliko wimbo wa taifa. Inakwenda hivi: ajali hiyo ilitokea baada ya tairi la nyuma kupasuka na dereva kushindwa kulimudu gari.

Mimi mwenyewe nimeiandika sijui mara ngapi tangu nianze kazi hii. Unampigia simu kamanda wa polisi wa mkoa, anakupa idadi ya marehemu na majeruhi, anakupa chanzo, unaandika. Mhariri anapunguza maneno mawili matatu. Kesho yake watu wanaisoma wakinywa chai, wanatikisa kichwa, wanafungua ukurasa wa michezo. Habari imekwisha.

Sikuwahi hata siku moja kumuuliza kamanda: tairi gani?

Leo nataka tuzungumze kuhusu swali hilo. Wadau niwieni radhi, najua mmezoea kunikuta hapa nikilalamikia siasa na Ligi Kuu, na leo nimewaletea matairi ya pikapu. Nivumilieni mpaka mwisho. Kisa hiki kinanihusu, na hakinipambi hata kidogo.

Mjomba wangu anaishi Lushoto. Ana pikapu, Toyota Hilux ya kebini moja, ambayo bodi lake ameliongezea mbao ubavuni ili libebe zaidi. Kazi ya gari hilo ni moja tu: kushusha kabichi, karoti na pilipili hoho kutoka milimani, kupita Soni mpaka Mombo, halafu kushika barabara kuu kwenda Korogwe na mara nyingine Tanga mjini. Ile barabara ya kutoka Lushoto kushuka Mombo mnaijua, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo. Kabichi hizo ndizo zilizonilipia sehemu kubwa ya ada pale Mlimani. Kwa hiyo mjomba akisema jambo, mimi sina cha kubishana naye.

Mwaka jana akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mjomba, wewe uko huko kwenye maduka. Nitafutie matairi manne, haya yamekuwa kipara, trafiki wananisumbua. Andika hapo: mia mbili ishirini na tano, sabini, kumi na tano."

Nikaandika: 225/70R15. Akanitumia hela kwa simu, nikaenda Kariakoo.

Kwenye duka niliambiwa kwamba saizi hiyo ipo ya aina mbili. Moja bei kubwa, nyingine bei ya chini kwa kiasi cha kumfanya mtu atabasamu. Zote mpya, zote zinang'aa, zote zimeandikwa 225/70R15. Nikamuuliza kijana wa dukani tofauti ni nini. Akanijibu kwa upole kabisa: "Saizi ni ile ile, bosi. Zinaingia."

Nikachukua ya bei ya chini. Chenji nikamrudishia mjomba kwa simu, matairi nikayapakia kwenye basi. Jioni yake mjomba akanisifu mbele ya shangazi na watoto, simu ikiwa imewekwa spika. Mwandishi wa habari, msomi, kaokoa hela za familia. Nikalala nimefura kama andazi.

Miezi minne baadaye, mchana wa jua kali, pikapu ikiwa imeshavuka Mombo na inakata mashamba ya mkonge kuelekea Korogwe, tairi la nyuma kushoto lilibanduka kashata. Sikusema kupasuka kwa pancha, nimesema kubanduka: ile ngozi nene ya juu ilijivua kama ganda la chungwa, ikapiga bodi, kisha tairi lote likafumuka. Gari likayumba, likatoka barabarani, likasimama kwenye mkonge. Halikupinduka. Mjomba alitoka na michubuko.

Juu ya kabichi alikuwa amekaa utingo, kijana wa miaka kumi na tisa. Najua sheria inakataza mtu kukaa juu ya mzigo, na akili nayo inakataza, lakini tunajua magari ya mboga yanavyokwenda. Alirushwa. Mkono wake wa kulia ulivunjika sehemu mbili. Umeunga, lakini hadi leo haunyanyui tenga la karoti, na kazi aliyokuwa nayo ilikuwa ni kunyanyua matenga ya karoti.

Habari hii haikuandikwa na gazeti lolote, likiwemo langu. Hakufa mtu.

Nilipanda basi wikiendi ile ile. Gari lilikuwa limevutwa hadi kwa fundi wa matairi kando ya barabara, mzee mmoja ambaye mikono yake imekuwa ya rangi ya mpira. Alikuwa ameshusha tairi la spea kutoka chini ya bodi ili alifunge pale palipokuwa na lile lililofumuka. Spea hilo lilikuwa limekaa huko chini tangu gari likiwa jipya, limejaa tope la miaka. Akalipangusa kwa tambara, akaliweka kando ya lile nililonunua mimi.

Nikainama kusoma. Spea: 225/70R15. Langu: 225/70R15. Niseme ukweli wangu, nilifurahi. Nikamwambia mzee, "Unaona, saizi ni ile ile."

Mzee akacheka kidogo, akaweka kidole kwenye spea, pale namba zinapoishia. "Mwanangu, wewe si umesoma? Malizia kusoma."

Spea liliandikwa hivi: 225/70R15C 112/110R.

La kwangu liliandikwa hivi: 225/70R15 100T.

Mjomba alinisomea namba kwenye simu, herufi akaiacha. Mimi sikuuliza. Muuzaji hakusema. Basi, katikati ya watu watatu ikapotea herufi moja.

Sasa tusome pamoja, maana nina uhakika wengi wenu mnaomiliki magari hamjawahi kusoma ubavu wa tairi mpaka mwisho. Mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Hiyo 225 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 70 ni asilimia: urefu wa ubavu wa tairi ni asilimia 70 ya upana wake. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na karibu matairi yote ya siku hizi ni R. Hiyo 15 ni ringi, yaani kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba hizo tatu zinajibu swali moja tu: je, tairi hili linaingia kwenye gari langu? Kijana wa Kariakoo hakunidanganya. Liliingia.

Yanayofuata baada ya hapo yanajibu swali jingine kabisa: je, linabeba?

Herufi C maana yake tairi limetengenezwa kwa ajili ya gari la biashara, pikapu na vibasi, lenye ubavu mgumu na nyuzi imara zaidi. Matairi ya mtindo wa Kimarekani ya kazi kama hiyo huandikwa LT mwanzoni badala ya C. Ile 112 ni namba ya uzito. Si kilo 112, ni namba ya kwenye jedwali la kimataifa, na kwenye jedwali hilo 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Ile 110 ya pili, kilo 1,060, ni kwa gari lenye matairi mawili mawili nyuma, kila upande. Namba 100 maana yake ni kilo 800. Herufi ya mwisho ni mwendo: R ni kilomita 170 kwa saa, T ni 190. Kwa hiyo tairi langu lilikuwa bora kuliko la zamani kwa jambo moja, kukimbia. Pikapu ya kabichi ikimbilie wapi?

Turudi kwenye uzito, tufanye hesabu ya darasa la tano. Pikapu ya aina ile ikiwa tupu ina takriban tani moja na nusu, na kwa kuwa injini iko mbele, nyuma panabaki kama kilo 650. Sasa pakia tani moja na robo ya kabichi. Mzigo wa pikapu hukaa karibu wote juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo nyuma panafika kilo 1,800 na ushee. Muongeze utingo. Matairi mawili ya C yangebeba kilo 2,240. Matairi mawili niliyonunua mimi yanabeba 1,600, mwisho.

Kwa miezi minne, kila safari, matairi yale yalikuwa yamebeba zaidi ya uwezo wake, na barabara yenyewe ni ile ya Soni, ambako kila kona inahamishia mzigo upande mmoja. Kabla hamjamlaumu mjomba peke yake: ndiyo, tani moja na robo ni nyingi kwa gari lile, na tumeshalizungumza hilo kama familia. Hata tairi la C si ruhusa ya kuzidisha. Ila ukiangalia hesabu vizuri, hata angebeba tani moja kamili, matairi yale yangekuwa kwenye ukingo kabisa, bila hata kilo ya akiba.

Tairi lililozidiwa halipasuki siku ya kwanza. Linanesa. Kila mzunguko ubavu unajikunja na kujikunjua, na kujikunja kunazaa joto. Joto linalegeza gundi kati ya mpira na nyuzi, kidogo kidogo, ndani, mahali ambapo jicho haliioni. Nje kashata zilikuwa bado mbichi. Trafiki wote njiani waliyaangalia yale matairi wakasema mzee umebadilisha, hongera, pita.

"Si ungeongeza upepo tu?" Hilo ni swali nililomuuliza mzee fundi, na najua kuna mdau ameshalifikiria. Jibu ni hapana. Tairi la C la 112 hufikia uwezo wake wote likiwa na upepo kama wa PSI 65. Tairi la kawaida la gari dogo limefika mwisho wa uwezo wake kwenye PSI 36 hivi, na kuanzia hapo ukiongeza upepo unaongeza ugumu, huongezi kilo. Uwezo uko kwenye nyuzi. Huwezi kuujaza kwa kompresa.

Sasa nigeukie kundi langu, vijana wa mjini, maana msije mkadhani hii ni habari ya wauza kabichi. Tunazo dabo kebini siku hizi. Na sisi ugonjwa wetu ni wa kinyume chake: tunataka tairi kubwa, gari lisimame juu, lionekane la kazi hata kama kazi yenyewe ni kwenda Mbezi na kurudi.

Chukua pikapu iliyotoka kiwandani na 265/65R17. Kipenyo cha tairi hilo ni kama milimita 776. Mtu anaweka 285/70R17, ambalo ni kama milimita 831. Tofauti ni asilimia 7. Inaonekana ndogo, lakini spidomita yako haijui kuwa umebadilisha tairi. Inahesabu mizunguko tu. Ikikuandikia 100, wewe unakwenda 107. Ikikuandikia 80, wewe uko kwenye 85 na ushee, na ile tochi ya trafiki haiongei na spidomita yako, inaliangalia gari. Gia zote zimekuwa ndefu, kwa hiyo injini inahangaika mlimani. Breki zinasimamisha tairi kubwa na zito zaidi kwa pedi zile zile. Ukikata usukani mpaka mwisho tairi linasugua madigadi. Mafundi wengi hushauri tofauti ya kipenyo isizidi asilimia 3 ya ile ya kiwandani, na mimi sasa naona wana busara.

Jambo lingine: ukiwa na pikapu ya kuvuta magurudumu yote manne, usithubutu kufunga saizi moja mbele na nyingine nyuma kwa sababu mbili za mbele bado nzima. Ukishaingiza gia ya miguu minne kwenye barabara kavu, mbele na nyuma vinataka kuzunguka kwa mwendo tofauti huku vimefungwa pamoja. Kitakachosalimu amri ni difu au gia boksi, na bei yake unaijua.

Mnaona basi? Mjomba na mwenye dabo kebini wote wameuliza swali lile lile. Inaingia? Mmoja aliuliza kwa sababu ya bei, mwingine kwa sababu ya sura.

Nilivyorudi Dar nikaanza kusoma, na nikakutana na kisa ambacho kimenikera kama mwandishi. Mwezi Agosti mwaka 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha kutoka kwa wateja matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa chini ya magari ya Ford Explorer, gari lililojengwa juu ya msingi wa pikapu ya Ford Ranger. Saizi kubwa iliyohusika ilikuwa 235/75R15. Kashata zilikuwa zinabanduka gari likiwa kwenye mwendo na joto, na magari yakapinduka. Waliokufa Marekani pekee walipita 200. Kampuni hizo mbili zikanyoosheana vidole: Ford ikisema tairi ni bovu, Firestone ikisema gari lenyewe linapinduka kirahisi na ule upepo wa PSI 26 uliopendekezwa na Ford ni mdogo mno. Kabla mwaka haujaisha, nchi hiyo ilikuwa na sheria mpya ya usalama wa matairi, na ile taa ya dashibodi inayowaka upepo ukipungua imetokana na sheria hiyo.

Kilichonikera ni hiki. Miezi sita kabla ya tangazo la Firestone, Februari 2000, kituo cha televisheni cha KHOU cha mjini Houston kilikuwa kimeshatangaza uchunguzi wake kuhusu matairi hayo. Waandishi wa habari. Walikuwa na ajali zinazofanana, na badala ya kuandika "tairi lilipasuka" na kwenda nyumbani, waliuliza tairi gani, la kiwanda gani, kwenye gari gani. Sisemi kwamba kila ajali yetu ina kampuni kubwa nyuma yake. Nasema kwamba tairi kupasuka ni tukio, chanzo kiko nyuma yake, na sisi tunaweka kalamu chini pale pale kazi inapoanzia.

Najua hoja itakayokuja. Utasema, wewe kijana, matairi ya C ni ghali, na watu wanatafuta ugali. Hoja hiyo naiheshimu kwa sababu mjomba ndiye aliyeitoa kabla yenu. Tukakaa barazani kwake tukapiga hesabu. Tofauti ya bei niliyo"okoa" kwa matairi yote manne haikufika thamani ya mzigo mmoja wa kabichi. Mzigo uliomwagika kwenye mkonge siku ile peke yake uliipita. Hapo hujaweka gharama ya kuvuta gari, hospitali, na kile kiasi ambacho mjomba anampelekea mama wa yule kijana kila mwezi mpaka sasa. Baada ya hesabu hiyo mjomba alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Tulinunua rahisi." Hakusema ulinunua. Alisema tulinunua. Ningeona afadhali angenigombeza.

Kwa hiyo mimi nina maoni yangu, na nayasema wazi.

Kwanza, mwenye gari. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya mlango. Kuna kibandiko kinachotaja saizi ya tairi na upepo. Kwenye gari la mjomba kilikuwa kimefunikwa na rangi wakati lilipopigwa rangi upya, na ndiyo maana spea lilitusaidia. Kisipokuwepo, tafuta kitabu cha gari. Ukibadilisha saizi badilisha, lakini namba ya uzito isishuke chini ya ile ya kiwandani hata kidogo. Kipanda sawa, kishuke hapana. Na ukiwa bado umeinama, tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linazeeka hata likiwa dukani.

Pili, muuza matairi. Mteja akikwambia "pikapu", wewe unajua zaidi yake. Usimjibu kwamba inaingia. Muulize anabeba nini. Na kwenye risiti andika saizi yote mpaka herufi ya mwisho, usikatie njiani. Wino hauna bei.

Tatu, shule za udereva na trafiki. Tunafundishwa alama za barabarani mpaka tunaziota, lakini sikumbuki mtu akinionyesha namna ya kusoma ubavu wa tairi kabla sijapewa leseni. Na askari anayekagua kashata, akiwa ameshainama pale pale, namba ya uzito iko sentimita chache tu pembeni. Kusoma hakuhitaji mashine.

Nne, sisi wenye kalamu. Hili najisemea mwenyewe kwanza. Tangu nirudi kutoka Lushoto, kila ninapopewa ile sentensi kwenye simu nauliza: tairi gani, afande? Limeandikwaje? Lilikuwa limebeba nini? Mara nyingi najibiwa kwamba hayo sijui, andika tu lilipasuka. Siku moja askari mmoja alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nisubiri. Nikamsikia anatembea kwenye changarawe. Alirudi akanisomea namba zote, mpaka na herufi. Mhariri aliikata ile aya kwa sababu ya nafasi, lakini angalau sasa tuko wawili tunaojua kusoma.

Yule kijana utingo nilimtembelea tena mwezi uliopita. Mjomba amempa kazi ya kuhesabu matenga na kuandika daftari, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia unachoka haraka. Aliniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyeyaleta yale matairi kutoka Dar. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Yalikuwa mazuri sana kwa macho, kaka."

Basi wadau, kesho asubuhi kabla hujawasha gari, inama. Soma mpaka mwisho, halafu uje uniambie umekuta nini.

Alamsiki.